Faili la Anna

Mwaka jana nilijiandikisha kwa kozi ya kuhudumia wazee na watoto, zile kozi za miezi michache ambazo siku hizi nusu ya vijana wa Nairobi wanazifanya huku pasipoti iko tayari kwa droo. Darasa letu lilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la simu, na kelele za makanga zilikuwa zinaingia dirishani mchana kutwa. Wengi wetu macho yalikuwa Uingereza. Tangu Julai 2021, Kenya na Uingereza ziliposaini makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya huko, kila mtu mtaani ana binamu anayejua mtu anayejua ajenti.

Siku moja mwalimu wetu, nesi mstaafu tuliyemwita Madam tu, akatupa swali: "Taja matokeo matano ya mhudumu kushindwa kutimiza wajibu wake kazini." Swali la bure kabisa. Nikaandika: kufutwa kazi, kunyang'anywa leseni, kushtakiwa, mwajiri kutozwa faini, jina kuharibika. Nikakunja karatasi, nikatoa simu.

Karatasi ilirudi na alama zote tano. Chini, kwa kalamu nyekundu, Madam alikuwa ameandika maneno matatu: "Na mgonjwa je?"

Nilisoma orodha yangu tena. Mgonjwa hakuwemo. Mtoto hakuwemo. Nilikuwa nimetaja mambo matano na yote matano yalikuwa yananihusu mimi na mshahara wangu. Na si mimi peke yangu, darasa zima tuliandika hivyo hivyo. Basi Madam akafunga dirisha, kelele zikapungua, akatusimulia kuhusu faili lililofungwa London tarehe 25 Februari 2000. Jina lililokuwa kwenye lile faili lilikuwa Anna.

Niliporudi kwa keja usiku nilianza kusoma kuhusu hiyo kesi, na kwa wiki mbili sikuweza kuiacha. Nataka nikusimulie nilichokipata, halafu nitakwambia kwa nini kilininyima usingizi.

Huyo mtoto hakuitwa Anna. Aliitwa Victoria Climbié, na alizaliwa Novemba 1991 karibu na Abidjan, Ivory Coast, mtoto wa tano kati ya saba. Mwaka 1998 shangazi ya baba yake, Marie-Thérèse Kouao, aliyekuwa anaishi Ufaransa, alikuja nyumbani akaomba apewe mtoto mmoja aende naye Ulaya akasome. Wazazi wakakubali. Ukishangaa kwa nini walikubali, basi wewe hukukulia Afrika hii ninayoijua mimi. Ni nani kati yetu hana ndugu aliyelelewa na shangazi, au mtoto wa shangazi aliyelelewa kwao? Mkono mmoja haulei mwana. Wazazi wa Victoria walifanya kile ambacho wazazi wengi wanafanya kwa nia njema: walimkabidhi mtoto kwa mtu wa damu yao, aliyefika mbali zaidi yao.

Pasipoti aliyosafiria ilikuwa na jina la mtoto mwingine, Anna. Kwa hivyo tangu siku ile, katika kila ofisi, kila wodi na kila daftari, Victoria alikuwa Anna. Baada ya miezi kadhaa Ufaransa, ambako shule ilishaanza kulalamika kwamba haonekani darasani, Kouao alivuka naye hadi London mwezi Aprili 1999. Huko hakuwahi kuandikishwa shule hata siku moja. Hii ndiyo ahadi iliyomtoa kwao.

Sasa sikiza vile mambo yalivyokwenda, maana watu wengi wakisikia hadithi kama hii hudhani mtoto alifichwa asionekane na mtu. La. Victoria alionekana. Katika miezi kumi aliyoishi London, alijulikana kwa idara 4 za ustawi wa jamii, vikosi 2 vya polisi vya kulinda watoto, hospitali 2 na kituo kimoja cha shirika la hisani linalotetea watoto. Kulikuwa na mafaili. Kulikuwa na barua. Kulikuwa na mikutano.

Mwezi Juni 1999 jamaa mmoja wa mbali alimwona, akashtuka, akaipigia simu idara ya ustawi wa jamii ya Brent. Alifanya kile tunachoambiwa tufanye. Maafisa walipokuja kubisha mlango katikati ya Julai, Kouao na mtoto walikuwa wameshahama. Walikuwa wamehamia Tottenham, kwenye chumba kimoja cha dereva wa basi aitwaye Carl Manning, ambaye Kouao alikuwa amekutana naye akiwa kazini kwenye basi lake. Maafisa wakarudi ofisini.

Tarehe 14 Julai, binti ya mama mmoja aliyekuwa akimlea Victoria mchana alimpeleka hospitali, kwa sababu yeye na mamake waliona majeraha mengi mno. Daktari wa kwanza aliyempima alishuku kwamba mtoto anaumizwa na mtu. Hapo mfumo ulifanya kazi kwa saa chache: polisi wakaarifiwa, mtoto akawekwa chini ya ulinzi, akalala wodini. Halafu akaja daktari bingwa, akamtazama, akaamua kwamba alama zile ni za upele. Hakuzungumza na mtoto mwenyewe. Siku iliyofuata Victoria akarudishwa kwa Kouao.

Neno "upele" likaingia kwenye faili, na kutoka hapo likaanza kutembea. Siku tisa tu baadaye, tarehe 24 Julai, Victoria alifikishwa hospitali nyingine akiwa ameungua kichwani na usoni kwa maji moto. Kouao akaeleza kwamba mtoto alijimwagia mwenyewe ili kupunguza muwasho. Muwasho wa nini? Wa upele. Unaona? Kosa la hospitali ya kwanza likawa uongo wa kutumika kwenye hospitali ya pili. Na polisi aliyepewa jukumu la kuchunguza, afisa wa kulinda watoto, alikataa kwenda kukagua nyumba kwa sababu aliogopa kuambukizwa huo upele.

Pale hospitali ya pili Victoria alilala usiku 13. Wauguzi walimkumbuka kama mtoto mchangamfu, wengine walimletea nguo. Waliona pia mambo mengine. Waliona alama mwilini zilizofanana na za chuma cha mshipi. Waliona jinsi Kouao akija kumtembelea mtoto alibadilika, akasimama wima kama askari, na siku moja akajikojolea palepale. Mmoja wao aliwaona kama bwana na mtumwa wake. Lakini mengi ya waliyoyaona hawakuyaandika. Zamu iliisha, wakavua sare, wakaenda nyumbani wakiamini kwamba mwingine ataandika, au kwamba daktari anajua, au kwamba ustawi wa jamii wanashughulikia. Ustawi wa jamii nao waliamini kwamba kama kungekuwa na jambo, hospitali ingesema.

Tuna msemo: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nilikuwa nadhani maana yake ni kwamba wakubwa wakigombania usukani chombo huyumba. Kwenye hii hadithi hakuna aliyegombania usukani. Kila nahodha alidhani umeshikwa na mwenzake.

Agosti, Victoria akarudi Tottenham, na kesi yake ikawa ya idara ya Haringey. Afisa aliyepewa faili alikuwa kijana, hakuwa na uzoefu mkubwa, na mezani kwake kulikuwa na kesi 19 wakati mwongozo wa ofisi ulisema zisizidi 12. Alienda nyumbani kwao mara mbili, Agosti na Oktoba, na mara zote mbili walijua anakuja. Nyumba ilikuwa safi. Mtoto alikuwa amekaa kimya, amevaa vizuri. Ukijumlisha muda wote afisa huyo aliozungumza na Victoria uso kwa uso tangu apewe faili mpaka mwisho, haufiki nusu saa.

Nije sasa kwenye sehemu iliyonifanya nifunge kompyuta nikatoka nje kupunga hewa. Baadaye alipoulizwa kwa nini hakushtuka kuona mtoto anasimama wima namna ile mbele ya mlezi wake, afisa yule, ambaye naye ni mweusi, alieleza kwamba aliona heshima. Alidhani familia zenye asili ya Afrika na Karibea ndivyo zinavyolea: mtoto hujua mkubwa akiingia afanye nini.

Heshima! Neno letu kabisa. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Mgeni akija unasimama, unaamkia, unaondoka sebuleni. Mtoto asiyejibu, asiyetazama mkubwa machoni, tunamsifu: "Huyu amefunzwa." Na pengine amefunzwa kweli. Lakini kuna kimya cha mtoto aliyefunzwa na kuna kimya cha mtoto anayeogopa, na kwa mtu anayepita dakika tano, vinafanana. Njia ya kuvitofautisha ni moja tu: kumtoa mtoto kando, umwinamie, umwulize, kwa lugha anayoijua. Lugha ya Victoria ilikuwa Kifaransa.

Kuanzia Oktoba, katika majira ya baridi ya London, Victoria alikuwa analazwa bafuni, ndani ya hodhi la kuogea, amefungwa mikono, mwili umo ndani ya mfuko wa plastiki wa takataka. Nitaishia hapo kuhusu hilo.

Novemba Kouao alimshtaki Manning kwamba anamdhulumu mtoto kimapenzi, kesho yake akayakana maneno yake. Wakati huo alikuwa anatafuta nyumba, na alikuwa ameambiwa kwamba nyumba hupewa watoto walio hatarini. Hata hapo hakuna aliyekaa na mtoto kumwuliza. Kati ya Desemba na Januari afisa alibisha mlango mara tatu, hakuna aliyefungua. Ofisini wakaanza kusema labda wamerudi Ufaransa. Msimamizi akaandika kwenye faili kwamba familia imehama eneo hilo. Nyuma ya mlango ule ule, Victoria alikuwa hai bado.

Usiku wa tarehe 24 Februari 2000 alipelekwa hospitali. Joto la mwili wake lilikuwa nyuzi 27. Alikufa siku iliyofuata, akiwa na umri wa miaka 8. Daktari aliyechunguza maiti alihesabu majeraha 128. Na siku hiyo hiyo, 25 Februari, idara ya Haringey ikafunga faili la Anna, kwa sababu hakukuwa na jambo zaidi la kufanya.

Januari 2001 Kouao na Manning walipatikana na hatia ya mauaji, wakafungwa maisha. Wao ndio waliomuua, na hilo tusilichanganye na lingine. Lakini serikali ya Uingereza iliunda tume chini ya Lord Laming kuuliza lile swali lingine: waliolipwa mshahara kumlinda walikuwa wapi? Ripoti ilitoka Januari 2003. Ilihesabu nafasi 12 ambazo mtoto angeweza kuokolewa, na ilitoa mapendekezo 108. Kilichonishangaza ni kwamba nafasi hizo 12 hazikuhitaji shujaa wala mtaalamu wa ajabu. Nyingi zilihitaji mtu afanye kazi ya kawaida: aandike alichoona, asome kilichoandikwa, apige simu, amwulize mtoto.

Kuhusu ile orodha yangu ya mtihani, ilitimia karibu yote. Watu walifutwa kazi. Afisa yule kijana alifutwa, akawekwa kwenye orodha ya watu wasioruhusiwa kufanya kazi na watoto. Mwaka 2005 baraza la rufaa liliamua atolewe kwenye orodha hiyo, maana waliotakiwa kumsimamia na kumwelekeza walikuwa wamemwangusha vibaya. Sheria ikabadilika pia: Sheria ya Watoto ya 2004 ya Uingereza iliziwekea idara, polisi na hospitali wajibu wa kulinda watoto kwa pamoja. Hizo fomu zote na kanuni zote ambazo wakenya wanaoenda kufanya kazi ya ulezi kule hulalamikia, ati "wazungu wanapenda makaratasi", kuna watoto nyuma yake. Victoria ni mmoja wao.

Lord Laming aliona jambo lingine ambalo mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye ofisi ya umma hapa kwetu atalitambua. Wa chini ndio waliokaa mbele ya tume wakitokwa jasho. Wakubwa waliopanga bajeti, waliojaza meza kesi 19, wengi walisema hawakujua. Laming hakukubali hiyo ya "sikujua". Kwake, kujua ndiyo kazi yenyewe ya mkubwa.

Ningependa kukwambia kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Agosti 2007, katika Haringey ile ile, mtoto wa miezi 17 aitwaye Peter alikufa kwa majeraha mikononi mwa watu wa nyumbani kwao, baada ya kuonwa na wahudumu mbalimbali mara zipatazo 60. Mara sitini. Sheria ilikuwepo, fomu zilikuwepo.

Sasa nikwambie kilichoninyima usingizi.

Nilipokuwa na miaka 15 tuliishi kwenye ploti Eastlands, vyumba kumi na mbili, choo cha pamoja, bomba moja. Chumba cha mwisho aliletwa msichana kutoka shagz, nitamwita Kadogo. Alikuwa na kama miaka 9. Shangazi yake alituambia amekuja kusoma. Sare ya shule sikuwahi kuiona. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nasikia anafua pale bombani. Tulisikia mengine pia, usiku, maana kuta za ploti unazijua. Mama za ploti walitazamana wakasema mambo ya nyumba ya watu ni ya nyumba ya watu. Keateka alisema yeye kazi yake ni kodi. Na sisi watoto tulimcheka vile alivyokuwa anasimama wima shangazi yake akitokea. Tulisema ana heshima za kishamba.

Mama yangu alikuwa anafanya kazi kwenye zahanati ndogo pale karibu. Siku moja Kadogo aliletwa pale ameungua mkono. Mama alimsafisha, akamfunga bandeji, akapeana dawa. Najua kwa sababu alitusimulia jioni tukila, kwamba mtoto wa watu amejimwagia chai.

Juzi nilimpigia simu. Nikamwuliza kama anamkumbuka Kadogo.

"Yule wa mkono? Namkumbuka."

"Ulimwuliza vile aliungua?"

"Nilimwuliza shangazi yake. Alisema ni chai."

"Na yeye mwenyewe, Mama, ulimwuliza?"

Alinyamaza kwa muda hadi nikadhani mtandao umekatika. Halafu akasema polepole, "Shangazi yake alikuwa amesimama pale pale, mwanangu." Baadaye kidogo akaongeza, "Foleni ilikuwa ndefu. Nilikuwa peke yangu siku hiyo."

Namwamini. Najua ilikuwa ndefu, na najua alikuwa peke yake, kwa mshahara uliokuwa unachelewa. Sikumpigia simu nimhukumu, na nilimwambia hivyo. Mimi mwenyewe nililala ukuta mmoja na yule mtoto kwa miezi saba na sikumwambia mwalimu wangu hata mmoja. Siku moja chumba cha mwisho kikawa na mpangaji mpya. Tuliambiwa Kadogo amerudishwa shagz. Sote tuliridhika na jibu hilo, kama wale wa Haringey walivyoridhika na Ufaransa. Mpaka leo sijui yuko wapi. Sijui hata jina lake la pili.

Kenya tuna Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, tuna maafisa wa watoto, na kuna nambari 116 unayoweza kupiga bure ukiona mtoto anaumizwa. Niliuliza darasani ni wangapi wanaijua. Tulikuwa 23. Mikono mitatu ilipanda, na wangu ulikuwa mmoja kati ya hiyo kwa sababu nilikuwa nimeisoma usiku uliotangulia.

Nilimaliza kozi mwezi wa Novemba. Sijasafiri bado, visa ni hadithi ya siku nyingine. Kwa sasa nafanya kazi kwenye kituo cha kulelea watoto, wa miaka miwili hadi mitano. Nina daftari dogo ambalo wenzangu hunicheka nalo. Naandika mtoto amekuja na alama gani, alisema nini nilipomwuliza, nilimwambia nani, saa ngapi. Wiki iliyopita nilimwuliza mvulana mmoja kuhusu gotilake. Akaniangalia kama mjinga, akasema ameanguka na baiskeli, halafu akanieleza rangi ya hiyo baiskeli kwa dakika kumi. Niliandika: baiskeli, ya kijani.

Ile karatasi ya mtihani bado ninayo. Nimeongeza jibu juu kabisa, kabla ya namba moja.